Chumba cha Nne, Pasua

Dalali alinionyesha mlima kwanza.
Akafungua dirisha la chumba cha nne,
akajitenga pembeni kama anayemfunua bibi harusi,
na nje kulikuwa na wingu tupu.
"Upo hapo nyuma," akasema. "Ongeza elfu kumi.
Mpangaji atalipia hata asipouona."

Mimi nilipiga magoti, nikachungulia chini ya sinki.

Miaka thelathini na moja ya wodi ya majeruhi
imenifundisha kuanzia panaponuka.
Nilibonyeza ukuta kwa kidole gumba: unyevu,
rangi mpya juu ya ukungu wa zamani,
poda juu ya kidonda.
Nikauliza maji hutoka siku zipi.
Nikauliza shimo la choo lilinyonywa lini.
Nikamuuliza jirani, si dalali,
masika maji hufika wapi.
Akainama, akagusa goti lake.
Bei ikashuka milioni nne.

Usiku, daftari la mjukuu, kurasa za nyuma:
vyumba sita, mara elfu sitini, mara kumi na mbili.
Nikafuta. Mara kumi.
Hakuna nyumba isiyolala njaa miezi miwili.
Toa bati. Toa kodi ya jengo.
Toa fundi Ndelilio, ajaye mara tatu kwa bomba moja.
Toa rejesho la SACCOS, kila tarehe tano,
lisilojua msiba wala Krismasi.
Kilichobaki kilitosha sukari
na majivuno kidogo kanisani.
Nikanunua.
Kiinua mgongo changu chote kiliinama pale.

Wapangaji hawakuwamo kwenye hesabu.
Mpagazi wa chumba cha tatu
Agosti hulipa kwa noti mpya,
Aprili hulipa kwa salamu.
Wanafunzi wa ushirika hupika saa sita za usiku.
Na Mkunde, fundi cherehani, chumba cha nne,
miezi mitatu kimya.

Nilikwenda na kufuli jipya mkobani.
Alinikaribisha kwenye kigoda, akatoa daftari lake.
Sikujua kama naye ana daftari.
*Umeme wa korido, kumi na tano.*
*Gata, thelathini na mbili. Ndelilio hakuja, nilipanda mwenyewe.*
Mwandiko mzuri kuliko wangu.

Nikatafuta pa kuangalia, nikatazama dirishani.
Kitenge, toka juu hadi chini, kimepigiliwa misumari.
"Jua linafifisha vitambaa vya watu," akasema.
"Tangu lini?"
"Tangu nihamie."

Laki mbili na kumi, toa arobaini na saba.
Toa thelathini za mlima, miezi mitatu.
Laki moja na thelathini na tatu, nusu Jumamosi,
nusu harusi ya kina Shirima ikilipwa.
Akasaini. Nikasaini.

Njiani nikakumbuka kufuli: elfu nane.
Nikasimama kando ya mtaro, nikaliandika nalo,
upande wa hasara.