Nukta Mbili Juu

Daktari alisema kwa Kiarabu, haraka,
kama mtu anayekung'uta mchanga kiatuni.
Mama akanigeukia mimi.
Kiarabu cha sokoni anakijua, cha vitunguu na bei ya mbuzi;
cha ndani ya mwili hana.
"Haya, Raya. Kasema nini?"

Saratani, nikasema.
Neno ni lile lile, huku na huku. Limevuka bila paspoti.
Lakini mama hakutaka jina, alitaka mlango:
limeingilia wapi?
Ni jicho? Ni yule jirani aliyemsifu arusini?
Ni moshi wa ubani, miaka arobaini akijifukiza?
Au ni maziwa aliyomwachisha Khalfani kabla ya siku zake?

Sista Liji akapunguza kiyoyozi, akatuachia chumba.
Nikaigeuza karatasi ya miadi nikaandika
kama yeye alivyonifundisha kumwandikia shangazi Unguja,
Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, kulia kwenda kushoto.
Baba.
Kisha kila be nikaifuta nukta yake ya chini,
nikaitia mbili juu.
Soma, mama.
"Tata."

Ndivyo ilivyokuwa.
Kila chembe ya mwili ina kitabu,
na ikitaka kujigawa hukinakili chote,
usiku, bila taa, na karani hukosea.
Yuko msahihishaji, hupita na wembe, hukwangua.
Pakiharibika mno chembe hujifia yenyewe, kwa adabu,
haimwachii mtu matanga.
Hii yako ilikosewa palipoandikwa *basi, yatosha*.
Ikakosewa tena palipoandikwa *sasa kufa*.
Mwaka gani? Hajui mtu. Labda mimi sijazaliwa.
Umri, mama. Bahati. Pengine nukta uliyorithi kwa bibi,
naye kwa nani.
Khalfani hamo.

Akanyamaza.
"Na kwapani? Mbona kanibinya sana kwapani?"

Hapo sikuhitaji karatasi.
Kwetu Ibra marehemu baba alikuwa na athari mbili za falaji,
nusu saa na nusu saa, kila siku ya nane.
Athari: huko ni kipimo cha maji. Kwetu sisi ni kile kinachobaki.
Unamkumbuka mwizi wa maji?
"Aliyetoboa ukingo usiku? Mitende yake ikanenepa,
yetu ikakauka ncha. Namkumbuka, Mungu amsamehe,
mimi bado."
Basi uvimbe nao huona kiu.
Huipigia kelele mishipa ya damu mpaka ije,
imchimbie mfereji wake wa siri.
Na penye mfereji, kokwa huanguka.
Nyingi huoza njiani. Maji huzipigapiga, askari wa mwili huzila.
Moja hukwama langoni. Hapo kwapani ndipo penye malango,
vitezi, kama punje za dengu.
Alikuwa akitafuta kama lango limeziba.

"Na ikilipita lango?"

Nikatazama dirishani. Maskati ilikuwa nyeupe kwa jua,
mtu mmoja akiosha gari lisilo na vumbi.
Hukaa po pote penye udongo unaoikubali, nikasema.
Si kila udongo.
Nikaishia hapo.
Mkalimani ana kinywa, kinywa kina mate,
mate yangu yalikuwa yamekauka.
Daktari alikuwa ameitaja mahali. Mara mbili.
Nilitafsiri dawa, nilitafsiri tarehe, hata pole yake niliitafsiri,
nikaliruka neno moja
kama mtoto anavyoruka jiwe lililolegea.

Tukashuka. Tukaitafuta gari, ghorofa siyo, tukapanda tena.
Usukani ulichoma vidole.
Mama akaikunja karatasi yenye baba na tata,
akaitia kwenye mkoba, karibu na tasbihi.
"Lile neno, Raya. Adhmu.
Kila Alhamisi namwambia muuza nyama: nipe adhmu, za supu,
zenye uboho."
Akavuta mkanda, akaufunga mwenyewe.
"Endesha. Njiani utaniambia ni mfupa gani."