Zitajitahidi

Nakala ya mkataba wa biashara na Ulaya ilitufikia Jumanne,
kurasa mia mbili na ushei, zimebanwa kwa pini yenye kutu,
na Khasandi wa chama, asomaye kwa miwani ya marehemu mamake,
akalamba kidole, akaruka ushuru, akaruka mbegu, akaruka magari,
hata akatufikia sisi: ukurasa wa mia moja sabini na tatu.
Aya moja. Inaenea kiganjani.

"Pande zote mbili," akatusomea,
tumeketi juu ya kreti, chai ya rangi mkononi, gambuti miguuni,
"zitajitahidi kulinda haki za wafanyakazi."

Akanyamaza. Tukangoja kilichobaki.
Hakikuwepo.

Zitajitahidi.
Neno hili nalijua. Huja nyumbani kila muhula
kwenye ripoti ya kitindamimba wangu:
Hisabati, ishirini na tisa. Maoni ya mwalimu: anajitahidi.
Mwenye nyumba wangu pale Obunga halijui kabisa.
Hebu nimjibu mwisho wa mwezi, "nitajitahidi,"
uone kama mlango utabaki na bawaba.

Pindua, Khasandi, tusomee ya samaki.

Ya samaki ni kurasa kumi na nne
na humo hakuna anayejitahidi.
Mbuta atahifadhiwa kwenye barafu. Atapimwa joto.
Kila sanduku litakuwa na namba
ya mashua, ya saa, ya meza alipopasuliwa,
na likionekana doa, shehena yote itarudishwa.
Itarudishwa!
Tazama kitenzi hicho kilivyosimama,
kifua mbele, kama bawabu aliyelipwa kwa wakati.

Mwezi wa tatu, Rispa alipokatika kidole
(cha pili, mkono wa kushoto, zamu ya usiku,
saa ya kumi na mbili bila kuketi)
king'ora kililia, meza zote zikasimama,
nasi tukadhani zimesimama kwa ajili yake.
Wakamwaga kreti tatu zilizorukiwa na damu.
Wakaandika taarifa, nakala nne, picha za rangi,
ya kreti.
Rispa alipakiwa kwenye boda, mkono ndani ya leso,
na ile glavu iliyochanika
ikakatwa kwenye mshahara wake.

Sisemi mkataba ni mbaya.
Kabla yake hata hiyo aya hatukuwa nayo,
na Nyangweso alifutwa kazi kwa kudai choo chenye mlango.
Siku hizi wageni wakija na kalamu zao
tunagawiwa glavu mpya saa mbili asubuhi,
zinakusanywa saa saba.
Ni kitu. Vidole hukumbuka joto.

Ila jana nilichukua biro ya bluu
na kwenye nakala yangu, pale penye zitajitahidi kulinda,
nikakata jitahidi ku.
Herufi kumi tu.
Kilichobaki kikajiunga chenyewe, kama mfupa wa mtoto:
zitalinda.
Khasandi akaitazama kwa muda mrefu, akavua miwani.
Anasema pendekezo litapanda ngazi: Kisumu, Nairobi, ng'ambo,
na juu kabisa ya ngazi, hajui nani hukaa.

Jioni hupitia Obunga, kwenye makarai ya mafuta
ambako kazi yangu ya mchana hunisubiri ikitokota:
minofu imepanda ndege,
mgongo wazi umebaki kwetu.
Nachagua wa shilingi hamsini, naugeuza.
Karibu na shingo pana kipande cha nyama,
upana wa vidole viwili, kisu kimekikwepa.

Naujua mkono ule.
Msimamizi huuita uzembe. Hupima mabaki,
hulalamikia gramu, hunitikisia daftari usoni.
Nami humjibu, macho chini,
kwa lugha ya ukurasa wa mia moja sabini na tatu:
Nitajitahidi, bosi.
Nitajitahidi.