Kipengele cha Nne

Nilifika Mkalapachani saa mbili kasoro,
pikipiki imenipaka vumbi jekundu hadi kope,
mkobani nina fomu iliyobanwa kwa pini,
mhuri wa wilaya, kalamu mbili, moja ya akiba.
Msimu wa korosho. Harufu ya mabibo
ilishaingia darasani kabla ya kengele,
na kengele yenyewe ni rimu ya trekta.

Wangapi wameandikishwa? Mia moja na tisa.
Wangapi wapo leo?
Mwalimu Licheta akatazama mikorosho,
kisha daftari la mahudhurio, kisha mimi.
"Hamsini na sita. Wengine wanaokota.
Mnada ukipita watarudi, tena na viatu."
Nikaandika hamsini na sita.
Viatu sikuviandika.

Walimu: watatu, pamoja na Fadhira wa kujitolea,
anayelipwa bakuli la korosho
na kila mzazi anayekumbuka.
Vyoo: matundu mawili, mlango mmoja.
Maji: huku juu uwandani maji hupanda mlima kichwani mwa mtu.
Vidumu vya lita tatu vimepangwa ukutani kwa mstari,
nami nikavihesabu:
hamsini na sita. Daftari halikunidanganya.

Kipengele cha nne, kusoma, darasa la tatu.
Nilikaa chini nao, maana kiti kilikuwa kimoja
na mguu wake wa nne ni tofali.
Mkeka. Katikati ya mkeka, kitabu.
Kandokando ya kitabu, watoto wanane.
Ausi alikwama kwenye ng'ombe, akamwacha hapohapo.
Bihawa aliruka mstari mzima bila kuona haya.
Mwingine alisoma picha: palipoandikwa jogoo akasema kuku,
na kwa kweli hakukosea sana.
Nikaandika, kwa mwandiko wangu mdogo wa ofisini:
Hairidhishi.

"Ha-i-ri-dhi-shi."

Sauti ilitoka mbele yangu, ng'ambo ya karatasi.
"Hairidhishi. Ndo nini?"

Somoe, pengo la jino la mbele,
magoti yana unga wa chaki.
Kutoka alipokaa, maneno yangu yalikuwa
kichwa chini, miguu juu.
Nikadhani kabahatisha.
Nikaandika: upungufu wa vitabu.
"Upungufu wa vitabu," akasema, kama anayehesabu vijiti.
Nikaandika jina langu la ukoo,
ambalo hata mhasibu wetu hulikosea kila mwezi.
Akalisoma.

Basi nikaigeuza fomu imwelekee yeye,
kama mtu anayempisha mgeni kiti.
Akaitazama. Akakunja uso.
Akaishika pembe mbili, taratibu,
akaigeuza ikawa kama mwanzo.
"Hivyo siwezi," akasema. "Mi nakaa huku."

Mwalimu Licheta alicheka, halafu akaacha.
"Tangu la kwanza, kitabu ni hichohicho.
Na mahali pa mtu mkekani ni kama kitanda chake,
ukimhamisha halali."
Ndipo nikamwona wa pembeni
aliyelaza shingo begani kama kuku anayesikiliza,
naye nilikuwa nimemwandikia: hamakiniki.

Sikuifuta ile Hairidhishi.
Ningeifuta ningemwibia.
Watoto saba walikwama, na wa nane
amesoma kama popo, kwa sababu hapakuwa na namna.
Lakini kalamu ilikaa juu ya karatasi muda mrefu
hadi ikaacha doa,
na doa hilo limo kwenye nakala zote tatu.

Nilirudi mjini Newala taa zimeshawashwa.
Mkuu wangu alikuwa bado ofisini, anataka wastani,
namba moja tu, aiingize kwenye jedwali.
Nikamwekea fomu mezani, juu chini.
Akanyoosha mkono aigeuze.

"Ngoja," nikamwambia.
"Isome hivyohivyo kwanza."