Abiria wa Mchanga

Kazi yangu ni kujaza abiria.
Nachota mchanga kwenye korongo la Ihumwa,
natoa kokoto, nafunga gunia kwa katani,
kisha namwandika mgongoni kwa wino mweusi:
Mbeleje, kilo sitini na mbili.
Sembuche, themanini kasoro moja.
Gunia dogo, kumi na nne, jina bado.

Nawafunga mikanda.
Chombo kinavuma kama mzinga ulioguswa,
pangaboi nane, betri tumboni,
hakuna moshi, hakuna harufu ya mafuta.
Kinapanda juu ya mashamba ya zabibu
na jua la Oktoba limeshachemsha betri
kabla mtu hajabonyeza kitu.

Wenye kampuni wana haraka.
Njia wameshaichora: Msalato hadi Mtumba, dakika sita.
Na siku moja, wanasema, mjamzito wa Mvumi
atavushwa juu ya matope ya masika.
Siwacheki. Dada yangu alijifungulia kwenye matope hayo.

Lakini Nyemo Chilongani, mkaguzi,
ana daftari lililokunjika masikio
na swali lilelile kila asubuhi:
"Na kikizima?"

Jumanne wakazima mota ya tatu, makusudi,
mita arobaini juu, chamchela ikipita pembeni.
Chombo kikayumba, kikajikusanya, kikatua.
Watu wakapiga makofi.
Yeye akapanda ndani, akapiga magoti.
Mkanda ulikuwa umemkata Mbeleje ubavuni;
mchanga ukitiririka sakafuni, haupigi kelele.

"Mota saba zimebeba," alisema bosi.
"Nimeona.
Mchanga hauogopi. Haurukii mlango,
haumshiki rubani mkono.
Huu umekaa kimya, na bado umepasuka."
Akafunika kalamu.
Miezi minne tena.

Mji huu uliitwa jina kwa kilichozama,
tembo aliyedidimia watu wakitazama,
nasi tunaomba kibali cha kuelea.
Acha wapime.

Jioni nilimrudisha Mbeleje korongoni,
isipokuwa punje nilizozikuta kiatuni nyumbani.
Nikashona gunia jipya, mshono maradufu,
ingawa najua tatizo si gunia.

Lile dogo bado halina jina.
Mafundi wananitania, wananiletea majina ya watoto wao,
nami nawarudishia.
Siku Nyemo atakapotia saini
nitalimwaga hivyohivyo.