Kisu Nyuma ya Mgongo

Mvua ya Tukuyu haina mwanzo, ina kuzidi tu.
Tumejibana kwa Subilaga, bakuli za supu mapajani,
na runinga juu ya friji inatuonyesha Uhispania:
uwanja wa mchanga, jua ambalo sisi hatujaliona tangu Februari,
na mwanamume wa kiuno chembamba, soksi za waridi,
anameta kama sanduku la bibi harusi.

"Fahali wawili hawakai zizi moja," akasema Gwamaka wa lori la ndizi,
"ila huyu mmoja kashonewa dhahabu."
Tukacheka. Kisha hatukucheka.

Dume akatoka gizani mbio
kama aliyesikia jina lake.
Akasimama. Akatazama watu, safu juu ya safu,
na hakuna hata mmoja aliyeshika majani.

Wakamchoma mabegani vijiti vyenye maua ya karatasi.
Gwamaka: angalau huyu kapewa nafasi.
Subilaga, upawa mkononi: nafasi gani,
mbele ya watu saba, farasi wawili na tarumbeta?
Mwalimu Lusekelo akasema mila ya mtu haipimwi kwa mizani ya jirani,
hata sisi wenyewe, msibani...
Akanyamaza. Wote tulijua sentensi inakokwenda.

Msibani kwa babu yangu, kule Kandete,
walimchinja Jemedari.
Nilikuwa na miaka tisa. Nilimlisha maganda ya ndizi,
nilimlambisha chumvi kiganjani; ulimi wake msasa wa moto.
Vijana walicheza na mikuki mpaka matope yakaruka paani,
nami nikapewa kamba niishike
kwa kuwa kwangu alikuwa anatulia.

Mimi ni mchinjaji. Machinjio ya mji, zamu ya saa kumi alfajiri,
mwaka wa ishirini na tatu.
Maalim aliyenifunza alikuwa na masharti machache:
usinoe kisu mbele yake,
usimchinje mwenzake akiona,
chuma kikae nyuma ya mgongo hadi jina la Mungu litoke.
Halafu upesi.
Kazi yangu ni kukifupisha kifo.
Yule wa dhahabu kazi yake ni kukirefusha,
kukitandaza kama shuka juani
watu wakague marefu na mapana yake.

Na kile kitambaa?
Dokta Atuganile, anayepiga mhuri nyama zetu,
aliwahi kunieleza: ng'ombe haoni wekundu.
Huona kitu kinatikisika, basi.
Wekundu ni wetu sisi tuliokaa.

Nikataka kulisema hilo kwa sauti, niwashinde wote.
Nikafungua mdomo, likanijia lori la mnadani:
Igawa, Chimala, Uyole,
pembe zimefungwa kwenye bomba,
siku mbili bila tone la maji,
mmoja kalala, tisa wamesimama juu yake.
Nani aliniambia kifo kinaanzia kisuni?
Mimi napewa dakika ya mwisho tu;
naiosha, naiita huruma.

Nikafunga mdomo.

Kwenye runinga leso nyeupe zilikuwa zinapepea.
Mtu alikatiwa sikio la dume, akalizungusha uwanja mzima.
Subilaga akauliza: na nyama wanapeleka wapi?
Hakuna aliyejua. Akabadilisha kituo.
Supu yangu ilikuwa imeganda mafuta.

Alfajiri ukungu umeshuka hadi magotini.
Wamefungwa wanne. Mweupe mwenye doa jichoni ananiangalia
kama wanavyoangalia wote, yaani bila shauri.
Nimemletea ndoo ya maji.
Msimamizi anapiga kelele kwamba mabucha yanasubiri.
Yasubiri.

Kisu kiko nyuma ya mgongo wangu.
Sijui kama namfichia yeye.

Anakunywa polepole, kama mwenye siku nzima.
Naongeza ndoo ya pili.