Malkia Wawili

Simu ya Zvonka Arh ilinikuta nikipasua kuni.
"Imekufa," alisema. Hakusema nini.
Bohinj ilikuwa imezibwa na theluji, basi la saa nne halikupita,
nikaenda kwa miguu, soksi mbilimbili,
nikimlaani kimoyomoyo aliyebuni neno sasisha.

Mashine iko jikoni, kati ya jiko na dirisha.
Shule iliitupa, Cvetko akaiokota,
akaufuta mfumo wake wa kununuliwa, akaitia Linux,
akabandika pengwini wa karatasi palipokuwa na ufa.
Cvetko yuko makaburini tangu Novemba.
Mkewe ndiye katibu sasa wa chama cha wafuga nyuki,
na kesho mchana wajumbe kumi na wanane
watataka hesabu ya asali ya misonobari,
kilo kwa kilo, mzinga kwa mzinga.

"Jana usiku iliniuliza: nisasishe?
Mimi nimelelewa kumjibu anayebisha hodi kwa adabu.
Nikasema ndiyo."

Nabofya. Picha ya kukaribisha inachungulia,
mstari wa kijani unatambaa hadi nusu,
kisha kimya,
kama mgeni aliyesukuma mlango, akakuta matanga, akarudi.
Nabofya tena. Vilevile.
Mara ya tatu nabofya kwa hasira,
na hasira haijawahi kutengeneza kitu.

Nafungua dirisha jeusi, naiita programu kwa jina lake kamili,
ili ikianguka niisikie ikianguka.
Ikabwabwaja mistari arubaini.
Thelathini na tisa ni manung'uniko
ya mtu anayeumwa magoti kila siku.
Wa mwisho ulisema kweli:
maktaba hii si ya toleo hili.

Toleo jipya limo mahali pake halali,
limeletwa na mfumo, lina mhuri.
Lakini pembeni, kwenye folda isiyotembelewa,
lipo la zamani, la miaka tisa,
Cvetko alilisakinisha kwa mkono wake,
na njia ya mkato aliyoichonga bado inaelekea huko.
Jipya linaamka, linaazima miguu ya mzee,
wanaanguka wote wawili.
"Fahali wawili," nikaanza.
"Malkia wawili," Zvonka akanikata, "mzinga mmoja.
Mmoja hutolewa. Toa."

Nikatoa.
Bado.

"Imebaki folda ya mapendeleo," nikasema. "Hiyo huwa tunafuta."
Akaitua sufuria. "Mna nini humo?"
Ukubwa wa herufi, rangi, takataka. Na kamusi:
maneno aliyoifunza mashine
isiyapigie mstari mwekundu.
"Usifute."
Basi nikaibadili jina tu. Nikaiita zamani.

Programu ikafunguka, safi, baridi,
kama chumba cha kupanga kabla ya kitanda.
Rejesta ikaja. Kilo zote zipo.
Ila mizinga, ambayo Cvetko aliipa majina
kama watu wanavyowapa ng'ombe,
Grba, Čuk, Nona, Tihi,
yote imepigwa wekundu chini yake.
Zvonka akaikazia macho
kana kwamba ni ndugu waliozuiwa mpakani.

Nikarudi kwenye folda ya zamani,
nikachukua faili moja, nyepesi kuliko barua,
nikaiweka palipo pake, nikafungua upya.
Grba akapita. Čuk. Nona.
Tihi akachelewa kidogo, akapita.
Jina moja likabaki na wekundu wake,
chini kabisa, penye sahihi:
Zvonka.

Alicheka mpaka akatafuta kiti.
"Miaka thelathini na minne, hakuniandika popote!
Aliniita wewe,
au alipiga kengele ya baiskeli."

Nikanyoosha mkono nimwonyeshe. Akausukuma.
Akakishika kipanya mwenyewe,
akatafuta kitufe cha kulia, akakosea, akarudia:
ongeza kwenye kamusi.

Printa bado haitaki.
Hiyo ni ya kesho asubuhi.