Dodoso

Kijana wa mwaka wa mwisho kaniletea karatasi,
anataka nipime maisha yangu ya kazi
kwa tarakimu, moja hadi tano.

Je, kiti chako kinakufaa?
Mguu wa nne ni orodha za wahitimu wa elfu mbili na tatu,
nimezifunga kwa mpira wa baiskeli.
Daktari Cirhuza yumo humo, na mkewe.
Nimeandika nne. Hawajawahi kuniangusha.

Je, malipo hufika kwa wakati?
Hapo kalamu imekauka. Nimeazima yake.

Je, wakubwa wanakutambua?
Katibu huniita "mama wa muhuri".
Miaka kumi na tisa. Naitwa Nsimire.

Umeme umekatika, saa nne yake ile ile.
Dirishani mvua inateremka Kadutu na matope yake,
na foleni mlangoni haijapungua hata mtu mmoja.
Namtajia Mugisho namba yake ya matrikula
bila kufungua daftari;
anacheka, anadhani nimebahatisha.

Swali la mwisho: ungependa mwanao afanye kazi hii?
Kijana anatazama saa.
Binti yangu hayumo kwenye orodha ya mwaka huu,
karo haikutimia. Orodha niliichapa mwenyewe,
jina kwa jina, nikafika kwenye N,
nikaendelea.

Visanduku vyote vitano nimeviacha vitupu.
Kisha nimepiga muhuri chini ya karatasi,
mkono umezoea:
IMEPOKELEWA. BUKAVU.
Wino wenyewe nusu maji.

Anayefuata.